Mistari Isiyokatana

Mwanangu wa mwisho yuko kidato cha tatu. Wiki iliyopita alinijia jikoni na daftari la fizikia, akaniomba nimtazamie mchoro kabla hajaupeleka kwa mwalimu wake. Alikuwa amechora chaji mbili, kila moja ikitoa mistari ya nguvu kama miale ya jua, na pale katikati, kwa ile haraka ya watoto, mistari miwili ilikuwa imepandana kama njia panda. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko. Rafiki yangu, nakwambia vidole vyangu vya miguu vilijikunja ndani ya champali kabla hata sijajua ninaogopa nini. Nikamwambia afute. Akauliza kama ni kosa kubwa hivyo. Nikamwambia akae, nimalize ugali, nitamweleza. Sikumweleza. Kuna mambo huwezi kumwambia mtoto huku unasonga ugali, kwa hiyo ninakuambia wewe.

Tulihamia mtaa wa Umoja, Nairobi, nyumba zikiwa bado zinanuka saruji mbichi. Baba alikuwa karani wa reli, na kabla ya hapo tulikuwa tumebanana katika chumba kimoja, sisi na mapazia yetu. Umoja ilitupa kiwanja, choo chetu wenyewe na mlango wa nyuma. Nyumba zilifanana mpaka siku moja niliingia ya jirani, nikaketi mezani, nikaanza kungoja chai kabla sijagundua kwamba kalenda ya ukutani si yetu. Mama wa nyumba ile alinimiminia chai bila kuniuliza lolote. Jumamosi ilikuwa siku ya nyundo, maana kila aliyepata nafasi alikuwa akiongeza chumba: mabati yakigongwa, redio zikishindana, na harufu ya githeri kutoka upande mmoja ikikutana na harufu ya omena kutoka upande wetu.

Nyuma ya mstari wa mwisho wa nyumba, ukielekea mtaa wa Tena, kulikuwa na ardhi tupu. Haikuruhusiwa kujengwa kwa sababu nyaya za stima zilipita juu yake, nyaya tatu juu ya nguzo za mbao zilizopakwa lami. Akina mama waliigawana bila karatasi wala mabishano. Kila mmoja alijua mwisho wa kunde zake na mwanzo wa mahindi ya mwenzake, na malenge yalitambaa popote yalipotaka. Hapo ndipo mboga zetu zilipotoka. Na hapo ndipo nilipojifunza kuogopa.

Asubuhi zenye ukungu zile nyaya zilivuma. Haikuwa sauti kubwa, lakini ukiisikia mara moja huachi kuisikia. Watoto walisema ukisimama chini yake na kubana pumzi, utasikia jina lako, na aliyesikia jina lake hamalizi mwaka. Sikuwahi kusimama. Kila siku nilipokuwa nikikatiza kwenda shule nilikimbia, mkoba ukinipigapiga mgongoni, nikiimba kwa nguvu ili nisiitwe.

Kukhu, ndivyo sisi watu wa magharibi tunavyomwita nyanya, alikuja Nairobi kutibiwa macho, na macho yalipokataa kupona akabaki. Aliona mwanga na kivuli tu. Alichukia stima kuliko mtu yeyote ninayemjua. Tundu la soketi sebuleni alilifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, na alishikilia kwamba ndani ya zile nguzo mna nyuki. Baba alimweleza mara nyingi kwamba si nyuki. Kukhu alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema nyuki wasio na asali ndio wabaya zaidi. Alikuwa na msemo mwingine aliopenda: nyoka asiyeonekana ndiye anayekanyagwa. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Hata hivyo alilipenda shamba. Alijua mrenda kwa kuupapasa, akitenganisha jani laini na jani gumu kwa kidole gumba, upesi kuliko mama mwenye macho mazima. Kila jioni nikitoka shule ilikuwa kazi yangu kumpeleka, mkono wake begani mwangu, naye akinong'ona sala fupi tulipopita chini ya nyaya.

Mwalimu wetu wa hesabu aliishi safu ya pili kutoka kwetu. Alikuwa mtu wa Ukambani, mwana wa mchonga vinyago, na vifaa vyake vya ubaoni, rula, bikari na kipima pembe, babake alikuwa amemchongea kwa mti mweusi mzito. Shule ilikuwa na upungufu wa walimu, kwa hiyo alitufundisha jiometri asubuhi na fizikia mchana. Darasani alifundisha kwa Kiingereza, lakini akitaka jambo liingie alirudi kwenye Kiswahili. Tulimwogopa kwa sababu hakupaza sauti. Ukikosea, alinyamaza, akakutazama, na ule ukimya wake ulikuwa mrefu kuliko kiboko chochote.

Asubuhi moja alituambia kwamba mistari miwili iliyonyooka, ikiwa kwenye bapa moja na si sambamba, lazima ikutane, na itakutana katika nukta moja tu. Tusiitafute nukta ya pili hata tukitembea mpaka Mombasa. Mchana wa siku hiyo hiyo, mtu yule yule, kwa chaki ile ile, akatuambia kwamba mistari ya nguvu ya umeme haikatani kamwe. Asubuhi lazima, mchana kamwe. Nilitazama huku na huku kuona kama kuna mwingine aliyeshtuka. Wote walikuwa wakinakili.

Sikuuliza. Wiki iliyofuata alituomba mafuta ya mbarika kwa ajili ya jaribio. Kukhu alikuwa na chupa aliyoletewa kutoka nyumbani, akijipaka magotini, na mimi nikamimina nusu yake katika kichupa cha dawa bila kumwambia. Mwalimu aliyatia kwenye sahani ya kioo, akanyunyiza mbegu ndogo ndogo za nyasi, akasimamisha misumari miwili iliyounganishwa na mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Alipozungusha mpini, cheche ziliruka na chumba kikanuka kama hewa baada ya radi. Tuliokuwa mbele tulirudi nyuma. Lakini zile mbegu, rafiki yangu, ziligeuka zenyewe. Zilijipanga kutoka msumari huu hadi ule, safu kwa safu, kama nywele zilizochanwa kwa kitana, nyingine zimenyooka, nyingine zimepinda kama upinde, na hakuna safu iliyopanda juu ya nyingine. Kitu fulani kilikuwa kimepita pale na kuziamuru, na sikukiona.

Basi mtihani ulipokuja, mkono wangu ulikosea vile vile alivyokosea mwanangu. Mwalimu aliniita mbele na karatasi yangu. Nilitembea nikijua ninakwenda kupigwa. Badala yake aliwaita wanafunzi wawili wenye nguvu, akawaambia wanishike mikono ya sweta, mmoja asimame kwenye dirisha, mwingine kwenye mlango, wote wakiwa mbele yangu, wavute kwa pamoja. Walinivuta. Niliburutika moja kwa moja mpaka ubaoni, katikati yao, darasa zima likicheka.

"Umekwenda kwa nani?" akaniuliza.

Nikasema sikwenda kwa yeyote, nimekwenda katikati.

"Njia ngapi?"

"Moja, mwalimu."

Akageukia darasa. Alisema mstari wa jiometri ni njia. Njia zinaweza kukatana, na mtu akifika hapo anachagua. Mstari wa nguvu si njia, ni amri. Unaonyesha chaji ikiwekwa pale itasukumwa kuelekea wapi. Nguvu zikiwa mbili au mia, mahali pamoja hujumlika zikawa moja, na moja ina mwelekeo mmoja. Mistari ikikatana ungekuwa unasema kwamba pale pale pana amri mbili, na chaji haijui kuchagua. Mtu mmoja wa nyuma akauliza, je, wakimvuta huyu sawasawa, huyu huku na huyu kule? Mwalimu akawaweka pande mbili, wakavuta, nikabaki nimesimama, sweta ikilia kwenye mishono. Akasema hapo amri imekufa, na pasipo na amri hatuchori mstari wowote. Nilirudi kwenye dawati langu nikiwa nimeelewa.

Nimekwambia hayo yote kwa sababu ya siku moja ya Aprili.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tisa. Nilipofika nyumbani Kukhu alikuwa tayari mlangoni na kikapu, akisema mrenda ukiachwa na mvua hii utakomaa. Nilivua viatu na soksi kwa sababu ya matope. Yeye kamwe hakuvaa viatu shambani. Tulipita nyumba ya jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, dereva wa lori la kanjo, yaani baraza la jiji, mtu mnene mwenye kicheko, ambaye siku hiyo alikuwa hayuko kazini na alikuwa amelala kitini barazani. Beberu wake mweusi alikuwa amefungwa kule shambani, karibu na mkaratusi uliosimama kando ya nyaya.

Tulikuwa tumejaza nusu ya kikapu upepo ulipokuja. Haukuonya. Tawi la mkaratusi lilivunjika, likaanguka juu ya nyaya, na nikasikia kishindo kama bati kubwa limeangushwa kutoka juu ya ghorofa. Mwanga wa kijani ulijaa shamba, ingawa ulikuwa mchana. Halafu waya mmoja ukashuka. Ulishuka polepole mno, au mimi ndiye niliyeuona polepole, ukajilaza katikati ya kunde, kama hatua ishirini kutoka tulipokuwa. Majani yalianza kutoa mvuke na sauti ya mafuta yanayokaanga.

Beberu alikuwa karibu zaidi na waya kuliko sisi. Alikakamaa miguu yote minne, akaanguka ubavu, bila kulia. Waya haukuwa umemgusa. Niliona kwa macho yangu kwamba haukumgusa.

Ndipo niliposikia kwenye nyayo zangu. Kitu kama siafu wengi wanapanda, wanafika kwenye vifundo, wanarudi. Mkono wa Kukhu ulikuwa begani mwangu na vidole vyake vilikuwa vikitetemeka peke yao. Nikapiga yowe. Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena maishani, mpaka koo likauma, mara tatu au nne, na nikainua mguu nikimbie.

"Shusha mguu."

Ilikuwa sauti ya mwalimu. Alikuwa kwenye barabara ya udongo wa murram kando ya shamba, akitoka shule, na vifaa vyake vya mti mweusi vilikuwa vimetawanyika matopeni alipovitupa. Hakupaza sauti hata pale. Nikashusha mguu kando ya mwenzake. Akaniambia nisikimbie, nisipige hatua, nibane miguu kana kwamba imefungwa kamba, kisigino kisipite kidole, niburute. Nisiende popote ila kwake.

"Na mwachilie nyanya."

Nikadhani sikusikia. Akarudia. Nilimwambia haoni, mwalimu anajua haoni. Akasema anajua, na kwamba watu wawili walioshikana huku wameachana ni kama mtu mmoja mwenye hatua ndefu. Sikuelewa vizuri maneno yale, lakini niliuelewa uso wake. Alikuwa anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akiogopa kiasi kile huku akinitazama mimi.

Nilimweleza Kukhu kwa lugha yetu. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama nyuki wameshuka. Nikamwambia wameshuka. Nikamwambia abane miguu na aburute, afuate sauti yangu, asiniguse. Akautoa mkono wake begani mwangu. Mpaka leo najua hasa mahali ulipokuwa.

Tulianza. Sijui kama umewahi kutembea huku kila sehemu ya mwili wako inataka kukimbia. Tope lilikuwa linanivuta. Nilihesabu mashina ya mahindi na kuongea bila kukoma, nikimwambia Kukhu hapa pana jiwe, hapa pana mtaro mdogo, teleza, usiinue. Nyuma yangu nilisikia nyayo zake zikikwaruza na midomo yake ikisali. Halafu zikanyamaza. Mtambao wa malenge ulikuwa umemshika kifundoni. Aliniambia kwa utulivu kwamba amefungwa, na akauliza kama anaweza kuinua mguu mmoja tu, kidogo. Niligeuza kichwa kumtazama mwalimu. Alitikisa kichwa kukataa. Nikamwambia Kukhu arudi nyuma kwa kuburuta mpaka mtambao ulegee, kisha apite kando. Mtu mwenye macho angefanya hivyo kwa dakika moja. Yeye alipapasa kwa nyayo, akarudi, akazunguka, akarudi tena. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, mikono nimejikumbatia ili isimfikie.

Hapo ndipo dereva alipotokea.

Alikuja kutoka upande wa nyumba, kifua wazi, kitambaa cha kujifutia kikiwa bado shingoni. Alikuwa akikimbia kuelekea kwetu kwa zile hatua zake ndefu, na njia fupi ilipita karibu na waya. Mwalimu alipiga kelele. Ile ndiyo siku pekee niliyowahi kumsikia mwalimu akipiga kelele, na hazikusaidia. Dereva alipiga hatua mbili ndani ya kunde, ya tatu haikufika chini. Alianguka kama mtu aliyefyekwa, si mbali na beberu wake.

Nikasimama. Mwalimu akaniita kwa jina, akaniambia nisimtazame yule, nimtazame yeye. Nikamtazama. Tulimwacha mtu aliyekuja kutuokoa amelala matopeni, tukaburuta miguu yetu kuelekea upande mwingine. Nilipofika murram, mwalimu alinishika mikono yote miwili, akanisukuma nyuma yake, akamngoja Kukhu na kumpokea naye. Kukhu aliketi chini pale pale barabarani. Kikapu kilikuwa bado mkononi mwake.

Muda mfupi baadaye tulisikia mlipuko mwingine mbali, kule kwenye transfoma, na waya ukanyamaza. Watu walikuwa wameshajaa. Dereva alikuwa akigumia, tulimsikia, na mkewe akataka kuingia. Mwalimu alimzuia. Alisema stima iliyozimika yenyewe inaweza kurudi yenyewe, na mtu yeyote asikanyage mle mpaka mafundi waje wahakikishe. Alichora mstari barabarani kwa kisigino na kusimama juu yake, mikono ameitandaza. Mvua ikaanza tena. Mke wa dereva alimpiga kifuani kwa ngumi. Watu walimwita mtu wa vitabu, mtu asiye na moyo, mmoja akamrushia tope. Hakusogea, wala hakujibu, ila mara kwa mara alimwita dereva, akimwambia alale tu, asiinuke, gari linakuja. Ilichukua muda wa kama kipindi kimoja cha darasa. Nilikuwa nimeshika koti lake kwa nyuma, na nilihisi mwili wake wote ukitetemeka ndani ya koti.

Mafundi walikuja, wakapima, wakaukata waya. Dereva alibebwa akiwa hai. Alikaa hospitalini kwa muda mrefu, na aliporudi mguu wa kushoto haukuwa na vidole vitatu. Hakuendesha lori tena. Kanjo walimpa kazi ya kukaa langoni.

Siku iliyofuata mwalimu aliingia darasani, akachora nukta katikati ya ubao. Kutoka kwenye nukta akachora mistari ikienda nje pande zote, na hakuna uliokutana na mwenzake. Kisha akachukua bikari ya babake, ikiwa bado na tope kwenye kiungo, akachora maduara kuizunguka nukta, moja ndani ya jingine. Kila duara lilikata kila mstari wa nguvu, kwa pembe mraba. Alisema hii ndiyo mistari ambayo tunaruhusiwa kuikatisha na ile: mmoja unaonyesha nguvu inaelekea wapi, mwingine unaunganisha mahali penye presha sawa ya umeme. Mtu aliyesimama na miguu pamoja amesimama kwenye duara moja, au karibu na hapo. Mtu anayepiga hatua ndefu kuelekea kwenye nukta ameweka mguu mmoja kwenye duara hili na mwingine kwenye lile, na umeme unapita katika mwili wake kutoka mguu hadi mguu. Chaki ilivunjika mkononi mwake. Akaokota kipande, akaendelea. Hakunitaja, wala hakunitazama. Mimi nilikuwa nikitazama maduara, nikitafuta mahali pa mtambao wa malenge.

Sasa nisikilize vizuri, maana hii ndiyo sehemu niliyoificha.

Mtaani walisema dereva alimkimbilia mbuzi. Mtu mmoja alianza, na kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha na yeye mwenyewe alikuwa amepona, likaenea. Vijana walimpa jina la mbuzi. Akipita kwenda langoni kwake, akichechemea, watoto walilia kama beberu nyuma yake. Ilifika mpaka Soko la Burma, wachinjaji wakamuuliza kama anataka kumwona maiti wa ndugu yake. Alicheka nao. Na mimi, niliyejua kwamba alikuwa amelala kitini na kilichomwamsha ni yowe langu, sikusema neno. Niliogopa. Mwanzoni nilimwogopa mkewe, halafu watoto wake, halafu nikamwogopa yeye. Nikimwona kwa mbali nilizunguka nyuma ya ua wa kayaba. Akinisalimia nilijibu nikitazama ule mguu. Kukhu alirudi nyumbani mwaka uliofuata, akafariki huko, na mtu aliyelisikia yowe lile kutoka karibu kuliko wote akaenda nalo.

Niliificha mpaka nilipomaliza shule na kupata kazi. Dereva alikuwa amestaafu, anahama na jamii yake kurudi kwao. Vitanda vilikuwa vimeshapakiwa, naye alikuwa ameketi barazani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akingoja. Nilikwenda. Nilisimama mbele yake nikiwa mwanamke mzima mwenye mkoba wa ofisi, na miguu yangu ilibanana yenyewe.

Nikasema, "Baba, siku ile ni mimi niliyepiga yowe."

"Ulidhani sijui?" akasema. "Mbuzi nilimwona baadaye, nikiwa nimeshaanguka. Mimi nilisikia mtoto."

Nikamuuliza kwa nini basi aliwaacha watu wamcheke miaka yote ile. Akageuza mguu wake wa kushoto kidogo, kama anayeutafutia mahali pazuri.

"Ningewaambia ni mtoto, wangeuliza mtoto gani," akasema. "Ulikuwa umeogopa vya kutosha, mwanangu."

Kisha mkewe akamwita, gari liko tayari, akainuka. Nilimshika mkono mpaka kwenye gari. Alikuwa mzito, na alinuka sabuni ya kufulia.

Nilipita Umoja mwezi huu. Shamba halipo. Kuna maghorofa mpaka mwisho wa macho, na nguo zimeanikwa kwenye madirisha ambayo mtu akinyoosha mkono anazifikia nyaya. Mkaratusi ulikatwa zamani. Mwalimu alihamishwa, na niliyemuuliza habari zake hakumjua hata kwa jina. Nilisimama pale nilipokisia palikuwa na kunde, nikajaribu kusikia ule mvumo. Magari yalikuwa mengi, na muziki, na watu wakiuziana vitu, sikusikia kitu. Ile hofu niliyoikimbia kila asubuhi nikiimba imezikwa chini ya saruji pamoja na mboga za mama zangu, na wanaoishi juu yake hawajui kama iko. Juu yangu, kwenye ghorofa ya tatu, mtoto mdogo alianza kulia kwa sauti kubwa. Nilisimama, nikitazama juu, nikingoja kuona mlango gani utafunguliwa.